Mlango wa Rusizi Haulindwi kwa Bunduki Peke Yake

Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mto Rusizi uliziacha kingo zake ukaingia Gatumba, mji mdogo ulio katika barabara itokayo Bujumbura kwenda mpaka wa Kongo. Maji yalijaa katika Kinyinya, Mushasha na mitaa mingine, yakaziangusha nyumba za matofali mabichi, na makumi ya maelfu ya watu wakahama na magodoro na masufuria yao vichwani. Wengi walidhani kwamba hilo ni balaa la msimu mmoja. Haikuwa hivyo. Ziwa Tanganyika lenyewe lilikuwa linapanda, likaendelea kupanda mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2024 likafika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa zilihesabu zaidi ya watu 200,000 walioguswa na mafuriko na maafa mengine ya mvua katika nchi nzima, na Gatumba ikawa miongoni mwa mahali palipoumia kuliko pote. Watu walipiga makasia juu ya njia walizozoea kupita kwa baiskeli.

Ndugu wasikilizaji, askari wa jeshi la ulinzi na wa polisi wanaifahamu Gatumba kuliko raia wengi. Wamekesha katika vituo vyake, wamekagua mizigo katika barabara yake, na wanakumbuka usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakati watu zaidi ya 150, wengi wao wakimbizi wa Kibanyamulenge kutoka Kongo, walipouawa kikatili katika kambi iliyokuwa hapo. Kwa askari, basi, jina la Gatumba limekuwa na maana ya mpaka na ya hatari, wala hapana mtu wa kumlaumu kwa kufikiri hivyo. Lakini mahali pale pana ulinzi mwingine, ambao hauandikwi katika amri za zamu, na ambao usipofanywa vema hata kituo chenyewe cha askari huingiliwa na maji. Ulinzi huo ni wa mlango wa mto.

Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha meta 1,460, na hushuka kwa kasi katika magenge hata kufika katika uwanda wa Imbo. Kutoka hapo huenda polepole, ukipinda huku na huku, mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo kiwango chake cha kawaida ni meta 770 na ushei. Safari yote hiyo haizidi sana kilometa 120. Karibu na ziwa mto hugawanyika: mkono mmoja ni Rusizi Kubwa, na mkono wa pili ni Rusizi Ndogo. Kati ya mikono hiyo miwili na pembeni mwake pana nchi ambayo si ziwa wala si nchi kavu: matete, mafunjo, vidimbwi, na mchanga ambao leo uko hapa na baada ya mvua uko kwingine. Mwaka 1980 mahali hapo pamoja na msitu wa mikoche ulio kaskazini palifanywa hifadhi, na mwaka 2002 mlango huo uliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote, ile inayotokana na mkataba uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971. Viboko na mamba wangali wakikaa humo, na kila mwaka ndege huja kutoka Ulaya kukwepa baridi ya kwao.

Mlango huo una historia yake pia. Mwezi wa Novemba mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda hadi hapo kwa kusudi moja tu, kuona kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka ziwani. Wakuu wa Ulaya walikuwa wamebishana miaka mingi wakidhani kwamba huenda mto huo ndio mwanzo wa Nile. Walipofika waliona maji yanaingia, nao ubishi ukakatika. Wavuvi wa mahali hapo wangeweza kuwaambia jambo hilo bila gharama yoyote, na kwa kweli Burton na Speke walikuwa wamekwisha kuambiwa hivyo mwaka 1858. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu hata leo wako wataalamu wa ofisini ambao huupima mto kwa karatasi kabla ya kumwuliza mtu aliyezaliwa kando yake.

Je, matete hayo yana kazi gani, hata nchi ijisumbue kwa ajili yake? Maji yashukayo kutoka milima ya Mumirwa, kwa mito ya Kaburantwa, Kagunuzi, Mpanda na mingine, hushuka yakiwa mekundu kwa udongo wa mashamba. Yakiingia katika matete hupunguza mwendo, kama mtu anayepita katikati ya umati sokoni. Yakipunguza mwendo huuacha udongo, nao ukitua hujenga kingo mpya na kuziinua zile za zamani. Maji yanayoendelea kwenda ziwani huwa yamekwisha kuchujwa. Humo katika mizizi ngege na kambare hutaga mayai, na vitoto vyao hujificha humo visiliwe na samaki wakubwa. Upande wa ziwa, upepo wa kusini unapovumisha mawimbi, matete huyavunja kabla hayajaigusa nchi. Kwa hiyo kitu kile kile ambacho mpita njia hukiona kuwa pori lisilo na faida ni ukuta, tena ni chujio, tena ni kitalu cha samaki. Na ni ukuta unaojitengeneza wenyewe, mradi usikatwe vibaya.

Na ukataji una elimu yake. Tete lililokatwa juu ya maji huchipua. Tete lililokatwa chini ya maji, kisiki chake hujaa maji, mizizi hukosa pumzi, na baada ya miezi michache huoza. Matete yakichomwa moto wakati wa kiangazi, kisha ng'ombe wakaachiliwa humo kula machipukizi, mwaka wa pili au wa tatu hubaki tope tupu, na tope tupu halizuii kitu. Mkata matete mzee anayajua hayo yote. Kijana aliyekuja juzi akitafuta mzigo mmoja wa kuuza kabla jua halijatua, hayajui, au anayajua lakini njaa haimpi nafasi ya kuchagua.

Ndivyo ukuta wa Gatumba ulivyopungua, na wala haukupungua kwa siku moja. Katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993 hifadhi haikuweza kusimamiwa ipasavyo. Watu waliofukuzwa kwao walishuka uwandani wakihitaji mahali pa kulaza watoto. Mashamba ya mpunga yalisogea mtoni, ng'ombe wakaingia, na watu wakapasua kingo ili kupeleka maji mashambani mwao. Mtu mmoja akitoboa ukingo kwa jembe wakati wa kiangazi, masika ikija mto huutumia mlango ule ule alioufungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa ufa wenyewe ulichimbwa. Juu ya hayo, ziwa lilikuwa limewasahaulisha watu. Baada ya kupanda sana mwaka 1964, maji yalishuka, na kizazi kizima kikazaliwa, kikakua na kujenga nyumba bila kuyaona pale yalipofikia zamani. Viwanja viliuzwa, hati zikaandikwa. Mnunuzi hakuuliza, na muuzaji hakuwa na haja ya kusema.

Si mara ya kwanza kwa Ziwa Tanganyika kufanya hivyo. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ulio Kalemie upande wa Kongo. Karne ya kumi na tisa mlango huo uliziba kwa mchanga na majani, na ziwa likapanda meta nyingi kupita kiwango cha siku hizi, mpaka miaka ya 1870 kizuizi kilipobomoka, maji yakateremka kwenda mto Kongo, na ziwa likashuka tena. Tena maji mengi ya ziwa hilo hayatoki kwa mto hata kidogo. Huvukizwa na jua. Kwa hiyo mvua zikiwa nyingi miaka michache mfululizo, ziwa hupanda, na hakuna waziri wala jemadari anayeweza kulipa amri ya kushuka.

Jambo hilo ni lazima lisemwe waziwazi, kwa kuwa yako maneno matamu yanayowadanganya watu wa Gatumba. Matete hayashushi ziwa. Yeyote anayemwambia mkazi wa Mushasha kwamba akipanda matete na mianzi atairudisha nyumba yake mahali ilipokuwa, anamdanganya. Matete huvunja mawimbi, hushika tope, hupunguza ukali wa mto unapofurika, na hulisha watu samaki. Hayo ni mengi, lakini si yote. Sehemu ya ardhi iliyojengwa katika miaka ya ukame ni ardhi ya maji, na itakuwa lazima kuiachia maji.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo mawazo ya watu yanapogawanyika. Wako wasemao: wahamishwe wote, hifadhi iwekewe askari, na atakayeonekana humo akamatwe. Wako wasemao: lijengwe tuta kubwa kutoka juu hadi ziwani, na kila mtu abaki alipo. Na wako wengine, ambao hawasemi hadharani lakini matendo yao yanasema: kila mtu ajitafutie, maji yakija tutajua.

Wazo la tuta si baya, na mahali pengine tuta ni la lazima, hasa panapohusu barabara, zahanati na shule. Lakini tuta bila matete mbele yake ni kama mlinzi aliyesimama peke yake uwanjani bila handaki. Mto unaobeba udongo mwingi huinua sakafu yake kila mwaka; tuta la mwaka huu huwa fupi mwaka ujao, na siku likipasuka maji hutoka kwa nguvu kubwa kuliko kama lisingekuwapo. Wazo la kuwafukuza watu wote kwa askari nalo limekwisha kujaribiwa mahali pengi Afrika, na matokeo yake yanajulikana. Mchana hifadhi huwa tupu, na usiku hujaa. Anayeingia usiku hakati kwa utaratibu. Hukata kwa haraka, chini ya maji, na huondoka. Anayevua usiku kwa kujificha hutumia chandarua au kokoro, kwa kuwa hana muda wa kungoja. Katazo lisilo na mapatano humfanya mwizi yule ambaye jana alikuwa mlinzi.

Njia iliyobaki ni ndefu na haina fahari. Ni mapatano kati ya watu wa mlangoni, utawala, wasimamizi wa hifadhi na askari, kuhusu nani atakata nini, wapi, mwezi gani, na nani atahakikisha. Wazo hilo si geni Rusizi. Wakata matete, wavuvi, wafugaji na waokota majani ya kuezekea wanajulikana, na wengi wao hufanya kazi kwa vikundi. Kinachotakiwa ni kukipa kila kikundi eneo lake na haki yake iliyoandikwa, na pamoja na haki, wajibu: mwenye eneo la kukata ndiye atakayepanda palipokufa, ndiye atakayetoa habari moto ukionekana, na ndiye atakayepoteza eneo lake ikiwa patakutwa visiki chini ya maji. Na haki hiyo, ikiwa neno haki lina maana, waanze kupewa wale waliopoteza viwanja vyao kwa maji. Mtu aliyeiacha nyumba yake Kinyinya akaenda kuishi chini ya turubai hawezi kuambiwa kwamba mahali alipozaa watoto wake sasa ni mahali pa ndege, kisha baada ya mwaka akamwona tajiri wa Bujumbura amejenga hapo hapo baraza la kunywea bia. Akiliona hilo mara moja tu, hakuna mapatano yatakayosimama.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa meta 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika, na meta 25 kandokando ya mito inayoingia humo, usijengwe wala kulimwa ovyo. Tatizo si kukosekana kwa sheria. Tatizo ni kwamba meta 150 zinahesabiwa kutoka wapi, wakati ukingo wa maji wa mwaka 2015 si ukingo wa mwaka 2024? Mwenye hoteli Kajaga atahesabu kutoka pale panapomfaa, na mama mwenye kibanda Gatumba atahesabiwa kutoka pale panapomdhuru. Mawe ya mpaka yakiwekwa mbele ya wananchi, kwa kamba na kwa mashahidi, na yakawahusu wote wawili sawasawa, kazi ya polisi itapungua nusu.

Mfano wa mapatano ya namna hiyo uko mbali kidogo, lakini unafundisha. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, vijiji viwili vya Gazi na Makongeni vinatunza mikoko katika eneo la hekta 117 kwa mapatano na idara ya misitu ya nchi hiyo. Mradi huo unaitwa Mikoko Pamoja, nao ulianza kuuza hesabu ya hewa ya ukaa mnamo mwaka 2013. Makampuni na watu wa nchi za mbali hulipa ili miti hiyo ibaki imesimama na mingine ipandwe. Fedha hiyo huingia katika mikono ya kamati ya wanavijiji wenyewe, nayo imetumika kuleta maji safi na kusaidia shule. Maji ya Gazi ni ya chumvi na ya Rusizi ni ya baridi. Mkoko si tete, na Gatumba haihitaji kungoja wanunuzi wa hewa kutoka ng'ambo ndipo ianze. Kinachofaa kuigwa ni kitu kimoja: mwanakijiji wa Gazi anajua mti uliosimama unampa nini yeye na mtoto wake, na kwa hiyo mkataji haramu hukutana naye kabla hajakutana na askari.

Sasa ni nini sehemu ya askari katika mambo hayo? Wako watakaosema kwamba askari hana sehemu, kwamba matete ni kazi ya idara ya mazingira. Lakini mlango wa Rusizi ni mpaka wa nchi. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Ujerumani na Ubelgiji, dola zilizotawala pande mbili za mto wakati huo, yaliufanya mkondo wa Rusizi kuwa mpaka. Mpaka huo, basi, ni maji, na maji huhama. Ukingo unaomomonyoka kwa sababu matete yamekatwa ni ukingo wa taifa. Mkono wa mto unaoziba kwa tope hugeuza njia, na asubuhi moja shamba la mtu hujikuta ng'ambo ya pili, na askari wawili wa nchi mbili hujikuta wakitazamana juu ya kisiwa cha mchanga ambacho mwaka jana hakikuwapo. Kwa sababu hiyo peke yake, askari wa mpakani ana haja ya matete kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwanza, askari wa doria huona kila siku mambo ambayo msimamizi wa hifadhi huyaona mara moja kwa wiki. Yeye ndiye anayejua ukingo upi umetobolewa, moshi umetokea wapi, kiboko amepanda kulala karibu na nyumba zipi. Wakati wa mafuriko viboko na mamba waliingia mitaani, na watu walipoteza maisha. Habari ya askari ikifika kwa mkuu wa mtaa jioni ile ile, mtoto hatatumwa maji alfajiri mahali pale. Habari ikibaki katika daftari la kituo haimsaidii mtu. Doria inayofanywa pamoja na wavuvi wawili wa kamati ina macho zaidi, tena ina ulimi unaofahamika. Mvuvi anamjua mwenye mtumbwi kwa namna anavyopiga kasia, na anaweza kumtofautisha jirani aliyechelewa kurudi na mtu mwenye nia mbaya. Askari mgeni aliyehamishwa juzi hawezi, naye akikosea kosa lake huwa la risasi.

Pili, na jambo hili haliwezi kupitwa kwa adabu, ni mkono wa askari mwenyewe. Kila mtu wa mlangoni anajua bei ya kupitisha mzigo wa matete usiku mahali ambapo yuko mlinzi wa kununulika. Anajua kama ni noti, au ni samaki wawili wa mboga. Samaki hao huonekana kuwa kitu kidogo, na mshahara wa askari si mkubwa, na watoto wake nao hula. Lakini mapatano yote ya wakata matete, mikutano yote ya utawala na mawe yote ya mpaka huishia kwa samaki hao wawili. Mkata matete aliyeheshimu eneo lake akimwona mwenzake anapita kwa kulipa, atafanya nini kesho? Atalipa naye. Makamanda wanaolichukulia jambo hilo kama utani wa kambini wafikiri tena, kwa sababu mlinzi aliyezoea kununuliwa kwa matete huwa amekwisha kupangiwa bei kwa mizigo mingine.

Majeshi yamekwisha kuonyesha kwamba kazi ya namna hii yanaiweza. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapumzike na kuzaana. Miezi mitatu bila uvuvi ni miezi mizito kwa nyumba inayoishi kwa ndagala na mikeke. Mahali ambapo wavuvi walielezwa mapema na kuona kwamba katazo linawahusu wenye mitumbwi midogo na wenye vyombo vikubwa bila upendeleo, walinung'unika na kutii. Mahali ambapo waliona wengine wakivua usiku, walinung'unika na kuvua. Somo hilo halihitaji mwalimu.

Jambo moja zaidi haliwezi kuachwa, nalo ni kwamba mlango wa mto haumalizwi na watu wa mlangoni. Tope linaloziba Rusizi Ndogo halizaliwi Gatumba. Hutoka katika miteremko ya Bubanza na Cibitoke, na ng'ambo katika milima ya Kongo, na juu zaidi Rwanda. Mkulima wa mlimani asiyechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ile iitwayo imirwanyasuri, hupeleka shamba lake ziwani kidogo kidogo, na jirani yake wa Gatumba hulipokea sebuleni. Warundi wana desturi ya kazi za umma za Jumamosi. Ingekuwa vema baadhi ya Jumamosi hizo watu wa Gatumba wapande mlimani na watu wa mlimani washuke Gatumba, kila upande uone udongo wake umefika wapi. Gharama yake ni malori machache, na majeshi yana malori.

Kwa upande wa nchi jirani, vyombo vya kukutana navyo vipo. Mkataba wa Ziwa Tanganyika ulitiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne zinazolizunguka, na mamlaka ya ziwa hilo ina makao yake Bujumbura, mwendo mfupi kwa gari kutoka Gatumba. Na kwa ajili ya Kivu na Rusizi, Kongo, Rwanda na Burundi zina chombo chao kiitwacho ABAKIR. Amani ya eneo hilo imekuwa dhaifu, na si kila mwaka wajumbe wa nchi hizo huweza kukaa katika meza moja kwa moyo mweupe. Hata hivyo tete la upande wa Kongo na tete la upande wa Burundi huungana mizizi chini ya mkondo, na wavuvi wa pande mbili wamekuwa wakiulizana hali ya maji kwa Kiswahili tangu kabla ya mpaka kuwekwa. Mazungumzo hayo ya wavuvi yasichukuliwe kuwa ujasusi.

Zipo kazi zinazoweza kufanywa kabla ya masika ijayo, bila kungoja fedha ya wafadhili. Alama ya maji ya mwaka 2024 bado inaonekana katika kuta za nyumba zilizosalia, mstari wa tope ulio juu kidogo ya dirisha katika nyumba nyingine. Utawala, kamati za wavuvi na wakata matete, wasimamizi wa hifadhi na maofisa wa polisi wanaweza kupita nyumba kwa nyumba na kuusoma mstari huo pamoja, kuuandika, na kupigilia vigingi vya kwanza kuanzia hapo, kwa hoteli na kwa kibanda. Kisha yagawanywe maeneo ya kukata, na majina ya wenye maeneo yabandikwe mahali panaposomeka na kila mtu, pamoja na mlangoni mwa kituo cha polisi, ili askari anayeingia zamu usiku ajue ni mtumbwi wa nani una haki ya kuwa mtoni na ni upi hauna.